Nyongeza ya Julai: Jinsi ya kuikagua kwenye hati ya mshahara na kudai kilichokosekana

Kila mwaka ikifika mwisho wa Julai, maswali ni yale yale kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega hadi Busia: "Walitangaza nyongeza, mbona yangu sijaiona?" Walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, maafisa wa kilimo, wote huuliza hivyo. Na kila mwaka wengi hufunga safari hadi ofisini, wanapanga foleni asubuhi nzima, wanaambiwa warudi wiki ijayo, kwa sababu walifika na malalamiko bila hesabu.

Mwongozo huu utakusaidia kufika ofisini ukiwa na hesabu mkononi. Huenda pia ukagundua kwamba huna haja ya kwenda. Nyongeza inayoonekana kupotea huwa imeenda njia moja kati ya mbili: ama imeingia kweli lakini makato ya asilimia yameimega, ama haikuingizwa kwenye mfumo kwa sababu ya kosa la rekodi. Ya kwanza utaitatua kwa kalamu, ya pili kwa barua. Ukizichanganya, utapoteza muda wako na wa afisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati za mshahara (payslipu) za Juni, Julai na Agosti. Ukiweza, ongeza ya Julai ya mwaka uliopita.
- Barua ya kuajiriwa na barua ya mwisho ya kupandishwa cheo.
- Barua ya uhamisho, kama ulihamishwa ndani ya miaka mitatu iliyopita.
- Jedwali la mishahara la kada yako kutoka kwenye waraka wa mwajiri. Chama chako cha wafanyakazi huwa nalo. Mwombe mwakilishi wa tawi.
- Fomu ya P9 ya mwaka uliopita, ile ya mwajiri inayoonyesha malipo yako ya mwaka na kodi iliyokatwa.
- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.

Hati za mshahara zipakue mwenyewe kwenye mtandao wa mwajiri wako. Ukilazimika kutumia saiba, iwe Kondele au Nakuru mjini, usimwachie kijana wa pale nenosiri lako "akuchapishie baadaye". Hati hiyo ina namba yako ya kazi, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na akaunti ya benki, na hayo yanatosha mtu kujaribu kukopa kwa jina lako. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, futa faili kwenye kompyuta, kisha ondoka.

## Hatua ya 1: Jua unasubiri nyongeza ya aina gani

Watu husema "nyongeza" kana kwamba ni kitu kimoja, nayo ina sura tatu.

Nyongeza ya kila mwaka. Hii hukupandisha pointi moja, yaani hatua moja ya mshahara, ndani ya gredi yako. Huwa haiji Julai kwa kila mtu. Huja katika mwezi wako wa nyongeza, ambao kwa kawaida hutegemea mwezi ulioajiriwa au kupandishwa cheo. Ulipandishwa cheo Novemba? Basi usiitafute kwenye hati ya Julai. Tena, ukishafika kilele cha ngazi ya mshahara wa gredi yako, nyongeza hii husimama mpaka upande cheo. Wengi wanaolalamika mwaka baada ya mwaka wamefika kileleni, na hakuna aliyewaambia.

Mapitio ya mishahara. Haya ndiyo hutangazwa redioni. Mara nyingi huanza Julai 1 kwa sababu hapo ndipo mwaka wa fedha wa serikali unapoanza. Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, hutoa ushauri, mwajiri hukubaliana na chama, kisha waraka hutolewa. Kwa walimu, makubaliano ya 2025–2029 yalipangwa kwa awamu mbili, Julai 2025 na Julai 2026. Tangazo peke yake halibadilishi hati yako. Mpaka waraka utoke na bajeti ipatikane, hakuna karani anayeweza kuingiza tarakimu mpya.

Kupanda cheo. Hapa unabadilisha gredi, na mwezi wako wa nyongeza unaweza kubadilika nayo.

Andika kwenye daftari: nasubiri aina gani, ilitakiwa ianze mwezi gani, na mshahara wangu wa msingi unapaswa kuwa shilingi ngapi kwenye jedwali.

Umefaulu hatua hii ukiwa na tarakimu moja ya mshahara wa msingi unaoweza kuionyesha kwa kidole kwenye jedwali. Bila hiyo usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Linganisha upande wa malipo peke yake

Weka hati ya Juni na ya Julai kando kwa kando. Usiangalie pesa zilizoingia benki. Najua macho hukimbilia huko kwanza, lakini tarakimu hiyo ya chini ina mikopo, sacco, bima na kodi ndani yake, na haikuambii lolote kuhusu nyongeza.

Anza na mshahara wa msingi. Je, umebadilika? Je, unalingana na tarakimu uliyoandika?

- Umebadilika na unalingana: nyongeza yako imeingia. Hatua ya 4 itakuonyesha imeenda wapi.
- Umebadilika lakini haufiki: huenda uliwekwa pointi ya chini. Angalia gredi iliyoandikwa juu ya hati. Kama bado ni gredi ya zamani, barua yako ya kupandishwa cheo haijaingizwa.
- Haujabadilika hata senti: subiri hati ya Agosti kabla ya kuandika barua. Orodha ya mishahara hufungwa kabla ya mwezi kuisha, na waraka uliochelewa husukumwa hadi mwezi unaofuata pamoja na malimbikizo.

Kisha shuka mstari kwa mstari: posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya mazingira magumu kama unastahili, na posho za kada yako. Posho ya likizo hulipwa mara moja kwa mwaka. Ikiwa iliingia Juni na Julai haipo, usiihesabu kama upungufu.

## Hatua ya 3: Chunguza posho ya nyumba kwa makini

Nimeipa posho hii hatua yake kwa sababu ndiyo inayowaponza watu wa upande wetu kuliko zote.

Posho ya nyumba hulipwa kulingana na gredi na mahali pa kazi. SRC iligawa nchi kwa makundi: Nairobi iko peke yake juu, kisha zikaja zilizokuwa manispaa kubwa, zikiwemo Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kisii na Kitale, na maeneo mengine yakafuata chini yake. Kakamega, Bungoma au Siaya haziko katika kundi moja na Kisumu. Kwa hiyo watu wawili wa gredi moja, mmoja yuko Kisumu mjini na mwingine Khwisero, hawapati posho sawa, na hilo si kosa.

Kosa huja mtu anapohama. Chukua mwalimu aliyehamishwa kutoka Khwisero hadi shule ya Kisumu mjini. Ameripoti, amepewa vipindi, amepanga nyumba Nyalenda kwa kodi ya mjini. Lakini kama taarifa ya kuripoti haikufika kwa anayeshughulikia mishahara, mfumo bado unamjua kama mtu wa Khwisero na unamlipa posho ya huko. Mapitio ya Julai yakija, anaongezewa juu ya kiwango cha zamani. Ameona nyongeza, ametulia, na hajui kwamba kila mwezi anapunjwa.

Kinyume chake pia hutokea. Ukihamishwa kutoka Nakuru mjini hadi shule ya mashambani Kuresoi na posho isishuke, usifurahi. Siku kosa likigunduliwa watakata yote uliyolipwa zaidi, na hukatwa wakati usioutarajia. Toa taarifa mapema kwa maandishi, uombe ikatwe kidogo kidogo.

Mambo mawili ya kukumbuka:

Kinachohesabika ni kituo chako cha kazi. Ukiishi Kisumu na kufundisha Emuhaya, unalipwa kwa kiwango cha Emuhaya.

Jina la kaunti si jina la manispaa. Muhoroni iko Kaunti ya Kisumu na Molo iko Kaunti ya Nakuru, lakini hazikuwa ndani ya manispaa hizo kubwa. Linganisha kituo chako na waraka wa mwajiri wako, kwa sababu majedwali ya walimu na ya watumishi wengine hayafanani.

Umefaulu hatua hii ukiwa na jina la kituo lililo sahihi kwenye hati, na posho inayolingana na kundi la kituo hicho.

## Hatua ya 4: Hesabu ni kiasi gani kinapaswa kubaki

Sasa tuingie kwenye makato. Hapa ndipo malalamiko mengi huishia, kwa hiyo kaa chini na kikokotoo.

Makato yanayopanda pamoja na mshahara ni haya:

- SHA, makato ya bima ya afya ya serikali: asilimia 2.75 ya malipo yote. Tangu Oktoba 2024 yamechukua nafasi ya NHIF. NHIF ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,700, lakini SHA haina kikomo. Ukiongezwa, nayo inaongezeka.
- Ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 ya malipo yote. Mwajiri anaongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake.
- Pensheni: kwa watumishi wa serikali kuu na walimu walio kwenye mpango ulioanza Januari 2021, ni asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na serikali inaweka asilimia 15. Waliokuwa wametimiza miaka 45 wakati huo waliruhusiwa kuchagua, kwa hiyo wengine hawamo. Watumishi wa kaunti wana mifuko yao. Tumia asilimia iliyo kwenye hati yako.
- Kodi ya mapato, PAYE: kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza hukatwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30 hadi 500,000. Kisha unapunguziwa 2,400.

Tuchukue mfano. Afisa ana mshahara wa msingi wa 45,000, posho ya nyumba 10,000 na ya usafiri 5,000. Jumla ni 60,000. Julai mshahara wa msingi umepanda kwa 2,000. Zile 2,000 zinakwenda hivi:

- Pensheni: 150
- SHA: 55
- Ushuru wa nyumba: 30
- Zinabaki 1,765 za kutozwa kodi. Asilimia 30 yake ni 529.50.
- Zinazoingia benki: 1,235.50

Yaani katika kila shilingi 1,000 za nyongeza, afisa huyu anabaki na kama 618. Asiye na makato ya pensheni angebaki na kama 670. Kwa hiyo ukiahidiwa 2,000 na ukaona 1,235, hakuna aliyekuibia. Ukiona 700, hapo kuna jambo.

Chukua nyongeza yako ya jumla, zidisha kwa 0.618 kama uko kwenye pensheni ya asilimia 7.5, au kwa 0.67 kama huna pensheni wala NSSF. Hesabu hii ya haraka inafaa kwa mtu ambaye nyongeza yake ni ya mshahara wa msingi na tayari analipa kodi ya asilimia 30. Ikiwa kilichopanda ni posho, tumia 0.67, maana pensheni hukatwa kwenye mshahara wa msingi peke yake.

Tofauti ikizidi shilingi mia moja hivi, angalia haya:

Je, kodi ilikatwa mahali panapofaa? Tangu Desemba 27, 2024, SHA na ushuru wa nyumba huondolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Pensheni nayo huondolewa kwanza, hadi 30,000 kwa mwezi. Chukua malipo yote, toa hayo matatu, kisha linganisha na kiasi cha kutozwa kodi kilicho kwenye hati. Kama hata kimoja hakikutolewa, unalipa kodi ya ziada.

Je, kuna mkopo mpya au sacco iliyobadilika? Wengi huongeza akiba ya sacco mwezi huo huo wa nyongeza, kisha wakasahau.

Je, una NSSF? Kama unachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, viwango vyake hubadilika Februari, lakini makato yenyewe ni asilimia ya mshahara, kwa hiyo Julai nayo hupanda kidogo ukiongezwa, mpaka ufike kikomo. Februari 2026 kikomo cha juu kilifika mshahara wa 108,000, na makato ya juu kabisa yakawa 6,480. Aliye chini ya 72,000 hakuona tofauti.

Je, una msamaha wa kodi usioonekana? Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha KRA hatozwi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. Mwenye bima ya maisha hupunguziwa asilimia 15 ya malipo ya bima, hadi 5,000 kwa mwezi. Peleka vyeti kwa HR, ofisi ya rasilimali watu. Tangu Sheria ya Fedha ya 2025, mwajiri anatakiwa kukupa misamaha hiyo anapokokotoa kodi yako.

Na onyo kuhusu mikopo. Sheria ya Ajira inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na katika utumishi wa umma unatakiwa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Nyongeza ya 2,000 inakufungulia nafasi ndogo ya mkopo, na maajenti wa mikopo wanalijua hilo kabla yako. Usitie sahihi fomu yoyote mpaka umeona hati mbili zilizotulia mfululizo.

## Hatua ya 5: Kagua malimbikizo

Nyongeza ikianza Julai lakini ikaingizwa Septemba, hati ya Septemba inapaswa kuwa na nyongeza ya mwezi huo pamoja na malimbikizo ya Julai na Agosti. Kwa afisa wetu hiyo ni 6,000 kabla ya makato, na kama 3,706 benki. Oktoba anarudi kwenye 1,235. Hapo ndipo simu huanza kulia: "Wamenikata!" Hawajakukata. Malimbikizo yamekwisha.

Hesabu idadi ya miezi. Wakilipa mwezi mmoja badala ya miwili, andika tofauti hiyo kwenye daftari. Inaingia kwenye barua.

## Hatua ya 6: Andika barua ya ukurasa mmoja

Usiende kulalamika kwa mdomo. Maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili. Barua waweza kuiandika kwa Kiswahili au Kiingereza, zote ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Muhimu ni iwe fupi na iwe na tarakimu:

> *Kumb: Posho ya nyumba isiyolingana na kituo cha kazi*
>
> *Mimi ni (jina), namba ya kazi (namba), gredi (gredi). Niliripoti kituo cha (kituo) tarehe (tarehe) kwa barua ya uhamisho iliyoambatishwa. Tangu mwezi wa (mwezi) nimelipwa posho ya nyumba ya shilingi (A). Kwa waraka wa mwajiri, kituo hiki hulipwa shilingi (B). Tofauti ni shilingi (C) kwa mwezi, kwa miezi (D), jumla shilingi (E).*
>
> *Naomba rekodi yangu irekebishwe na nilipwe malimbikizo. Nimeambatisha barua ya uhamisho, taarifa ya kuripoti na hati za mshahara za miezi husika.*

Dai moja, barua moja. Ukiunganisha cheo, posho na kodi kwenye barua moja, itazunguka meza tatu na kulala kwenye ya kwanza.

Pitia mkubwa wako wa kazi, kwa sababu barua isiyopitia kwake hurudishwa. Mwalimu hupitia mkuu wa shule hadi ofisi ya kaunti ndogo ya TSC, tume inayoajiri walimu. Mtumishi wa kaunti hupitia HR wa idara yake. Mtumishi wa wizara hupitia mkuu wa idara aliyeko hapo kaunti, naye huipeleka makao makuu.

Beba nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Umefaulu hatua hii ukiondoka na nakala yenye muhuri. Ukiambiwa "acha hapo tutaangalia", omba muhuri kwa upole na usiondoke bila huo.

## Hatua ya 7: Fuatilia kwa tarehe

Wape hati mbili za mshahara. Kama ya pili imetoka bila mabadiliko wala majibu, andika barua ya ukumbusho ukitaja tarehe ya muhuri, na umpe nakala mwakilishi wa chama chako.

Kama bado kimya, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Omba kwa maandishi kujua gredi, pointi, mwezi wa nyongeza na kituo kilichorekodiwa kwa jina lako. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ombi hili mara nyingi hufanya kazi kuliko malalamiko, kwa sababu afisa akifungua faili kukujibu, kosa analiona mwenyewe.

Baada ya hapo, mtumishi wa kaunti aende kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na akikataliwa anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo na ina ofisi Kisumu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Kisumu na Nakuru, hivyo huhitaji kwenda Nairobi.

Angalia saa ya sheria. Madai ya ajira hufa baada ya miaka mitatu tangu haki ilipovunjwa, na barua za ukumbusho hazisimamishi saa hiyo. Kama posho yako ilikosewa tangu 2024 na bado unaambiwa "faili iko Nairobi", muone wakili au chama sasa hivi.

## Ukaguzi wa mwisho kabla ya Juni 30

Januari P9 mpya ikitoka, jumlisha kodi iliyokatwa kwenye hati zako kumi na mbili na uilinganishe na iliyo kwenye P9. Zikilingana, wasilisha ritani yako ya kodi kwenye iTax, mtandao wa KRA, kabla ya Juni 30. Zisipolingana, mpelekee mhasibu hati hizo airekebishe kwanza, maana ukiwasilisha P9 yenye kosa, mfumo wa KRA unaweza kukuonyesha una deni ambalo si lako.

Malimbikizo ya Julai yakilipwa baada ya Desemba, yatatokea kwenye P9 ya mwaka unaofuata. Yaandike kwenye daftari lile lile ili mwaka ukigeuka usiyatafute mahali yasipokuwepo.